Mzazi Kwanza, Mkazi Baadaye: Nani Anastahili Kukaa Kwenye Kamati ya Shule?

Sharti la ukazi kwa wajumbe wa kamati na bodi za shule ni utaratibu unaomtaka mtu awe anaishi ndani ya kijiji, mtaa au kata shule ilipo ndipo aruhusiwe kuchaguliwa kuisimamia. Katika sehemu nyingi za Tanzania utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba sababu yake haiulizwi tena. Mkutano wa wazazi unapoitishwa kujaza nafasi, anayependekezwa hutazamwa kwanza anakaa wapi, na kauli ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji huweza kumaliza mjadala kabla haujaanza. Wengi wanaamini kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: shule ni ya kijiji, basi na wasimamizi wake watoke kijijini. Imani hiyo ina kosa. Kamati ya shule ipo kwa ajili ya watoto wanaosoma hapo, na mwenye haki ya kwanza ya kuwasemea ni mzazi au mlezi wao, awe analala jirani na uwanja wa shule au kilomita mia moja kutoka hapo. Ukazi unafaa kuwa sharti la nafasi za wawakilishi wa jamii. Katika nafasi za wazazi hauna kazi.

Uzito wa jambo hili unatokana na kazi za kamati zenyewe. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliweka msingi wa kamati kwa shule za msingi na bodi kwa shule za sekondari. Kwa miaka mingi kamati nyingi zilihesabiwa kuwa vyombo vya kuhimiza michango, kufuatilia watoro na kumsaidia mwalimu mkuu kupata mafundi. Hali ilibadilika ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliotekelezwa kuanzia 2002 hadi 2006. Ada ya shule za msingi ilifutwa, fedha za ruzuku na za ujenzi zikaanza kufika shuleni, na kamati zikatakiwa kupanga mipango, kuidhinisha matumizi na kubandika hesabu kwenye ubao wa matangazo. Januari 2016 elimumsingi bila malipo ilienezwa hadi kidato cha nne. Kiwango cha ruzuku kimewekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari, sehemu yake ikiwa ya vitabu na sehemu ikiingia kwenye akaunti ya shule yenyewe.

Mwaka 2021 mzigo uliongezeka. Kwa sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliofikia shilingi trilioni 1.3, Serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000, kati yake 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Ujenzi ulifanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule hununua vifaa yenyewe, huajiri fundi yenyewe, na kamati ndogo za ujenzi, manunuzi na mapokezi huhesabu mifuko ya saruji na kukagua nondo. Anayeketi katika vyombo hivi ana neno juu ya mamilioni ya shilingi, juu ya choo cha wasichana, juu ya chakula cha mchana, juu ya mwalimu anayelalamikiwa. Kwa hiyo kuuliza ni nani aruhusiwe kuketi hapo ni kuuliza mambo ya msingi kabisa ya elimu.

Sharti la ukazi halikuzaliwa shuleni. Lilitoka katika siasa za kijiji. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 iliandikisha vijiji na kuvipa uongozi wake, na hapo ndipo watu wengi walipozoea kuona nyumba, shamba, zahanati na shule vikiwa mali ya jumuiya moja yenye mipaka inayojulikana. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 ikaendeleza mtazamo huo: mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyefikisha umri wa miaka 18. Diwani anatakiwa awe mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri anayogombea. Wagombea wa uenyekiti wa kijiji, mtaa na kitongoji katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 nao walitakiwa wawe wakazi wa maeneo yao. Kutokana na mazoea hayo, watu wameona ni jambo la kawaida kabisa kulihamishia sharti lile lile kwenye kamati ya shule.

Katika kijiji cha mwaka 1975 sharti hilo halikumdhulumu mtu. Mkulima alilala kijijini, akalima kijijini, na mtoto wake akasoma kwenye shule pekee iliyokuwepo. Mzazi na mkazi walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo kumtafuta mkazi kulitosha kumpata mzazi. Tatizo ni kwamba Tanzania hiyo imebadilika, na sharti limebaki kama lilivyokuwa.

Saza inaonyesha badiliko hilo kuliko mahali pengi. Kata hiyo ya Wilaya ya Songwe imo katika ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambao ulianza kuvuta watu katika miaka ya 1920. Kufikia miaka ya 1930 walikuwepo wachimbaji wa Kizungu na maelfu ya vibarua wa Kiafrika waliotoka nyanda za juu za kusini na ng'ambo ya mpaka. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi chini ya utawala wa Waingereza hadi miaka ya 1950. Baada ya miongo kadhaa ya wachimbaji wadogo, mgodi mkubwa wa New Luika ulianza kuzalisha dhahabu wilayani humo mwaka 2012. Pembeni ya mgodi huo kuna maisha mengine: maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo, makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuoshea, mama ntilie, wauza mitumba, madereva wa bodaboda, na wafugaji wanaopita na ng'ombe kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Habari za dhahabu mpya zikisikika, mamia ya watu huhamia siku chache baadaye. Duara likikauka, huondoka kwa kasi ile ile.

Mipaka ya utawala nayo haikutulia. Wilaya ya Songwe ilimegwa kutoka Chunya, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Mtu aliyejitambulisha kuwa mkazi wa Chunya mkoani Mbeya alijikuta mkazi wa Songwe bila kuhamisha hata kigoda. Idadi ya watu wa mkoa ilipanda kutoka karibu milioni 1 katika sensa ya 2012 hadi zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya 2022. Mji wa Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia, ulivuka kutoka chini ya watu laki moja hadi zaidi ya laki mbili katika muda huo huo. Hakuna kijiji kilichojifungia katika mkoa wa namna hiyo. Biashara ya Tunduma na Nakonde iliyo upande wa Zambia, malori ya barabara kuu iendayo Lusaka, mashamba ya mahindi na kahawa ya Mbozi, na machimbo ya Saza vyote hula nguvu ya familia zile zile.

Mazingira hayo huzaa aina ya mzazi ambaye sharti la ukazi halimwoni. Mama anauza chakula machimboni, na mtoto wake wa darasa la sita anakaa kwa bibi huko Mkwajuni, katika wilaya hiyo hiyo, kwa sababu mama hataki alelewe kando ya karasha. Baba ni dereva wa lori, yuko njiani wiki tatu kati ya nne, na anwani yake ya kudumu ni Tunduma, ingawa wanawe wanasoma kwenye kata aliyozaliwa mke wake. Familia ya wachimbaji imefuata dhahabu wilaya nyingine, lakini imemwacha binti kwa shangazi amalize darasa la saba badala ya kumhamisha miezi michache kabla ya mtihani. Wazazi hawa wananunua sare na madaftari, wanapigiwa simu mtoto akiugua, na wanaitwa mtoto akitoroka. Siku ya kuchagua kamati wanaambiwa hawahusiki kwa kuwa si wakazi.

Hapo ndipo udhaifu wa kisheria wa mtazamo huu unapojitokeza. Sheria ya Elimu inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria shule mpaka amalize, na mzazi anayepuuza wajibu huo anaweza kuchukuliwa hatua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika mzazi wajibu wa malezi na elimu ya mwanawe. Hakuna inayomsamehe kwa sababu anaishi mbali na shule. Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda kokote nchini na kuishi sehemu yoyote. Nchi inayomruhusu raia kuishi atakapo, kisha ikamdai wajibu wa elimu ya mwanawe popote alipo, haina sababu ya haki ya kumnyang'anya kauli katika shule ya mtoto huyo kwa kigezo cha makazi. Wajibu na kauli vinapaswa kwenda pamoja.

Watetezi wa sharti la ukazi wana hoja tano kuu, na kila moja inastahili kujibiwa kwa uzito wake.

Hoja ya kwanza inasema kwamba mkazi anaijua shule kwa macho yake. Anaona kisima kilichokauka, anajua korongo linalofurika masika na kuwazuia watoto wa kitongoji cha ng'ambo, anasikia kama mwalimu hakuingia darasani wiki nzima. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu kamati haipaswi kuwa na wazazi wa mbali peke yao. Lakini ujuzi wa mazingira ni sehemu moja tu ya kazi. Yapo mambo ambayo jirani wa shule asiye na mtoto hawezi kuyajua: kama mtoto wa darasa la tatu anaweza kusoma, kama kitabu cha hisabati kiliwahi kufika nyumbani, kama msichana anakaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa choo chenye faragha. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kamati inahitaji macho yote mawili, la jirani na la mzazi. Sharti la ukazi kwa nafasi zote hulifumba moja.

Hoja ya pili inadai kuwa asiye mkazi hatahudhuria vikao. Hoja hii inachanganya kuishi mahali na kuwepo mahali. Katika msimu wa kilimo wakulima wengi huhamia mashambani kwa wiki kadhaa. Wafugaji hufuata malisho. Wachimbaji hulala karibu na duara. Wote hao ni wakazi kwenye daftari, na bado kikao kinaweza kukosa akidi. Kwa upande mwingine, mfanyabiashara wa Tunduma anayepewa taarifa ya kikao cha robo mwaka wiki mbili kabla anaweza kupanga safari yake. Kama shida ni mahudhurio, sheria ipime mahudhurio: mjumbe anayekosa vikao vitatu mfululizo bila ruhusa aondolewe, awe mkazi au la. Kipimo hicho kinamgusa mzembe mwenyewe. Sharti la ukazi humwadhibu mtu kabla hajakosa, na humvumilia mkazi asiyeonekana kikaoni mwaka mzima.

Hoja ya tatu ni ya hofu: sharti likiondolewa, watu wenye fedha kutoka mijini, wanasiasa na wafanyabiashara wa madini watanunua nafasi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini ukazi ni ukuta dhaifu dhidi yake. Mtu mwenye fedha hupanga chumba, huandikishwa kwa balozi wa nyumba kumi, na baada ya miezi michache hupata barua ya mtendaji. Uthibitisho wa ukazi katika vijiji vingi uko mikononi mwa viongozi wale wale ambao kamati imara ingeweza kuwauliza maswali kuhusu fedha za ujenzi. Kiongozi asiyependa maswali anaweza kumkataa mzazi msumbufu kwa kusema si wa hapa, na akampitisha mgeni wa jana anayemfaa. Jina la mtoto kwenye rejista ya darasa ni vigumu zaidi kulighushi. Lipo mbele ya mwalimu, lina tarehe ya kuandikishwa na lina mahudhurio ya kila siku. Mwekezaji asiye na mtoto shuleni hawezi kulipata kwa kupanga chumba. Anayeogopa kununuliwa kwa kamati anapaswa kudai sharti la mzazi kwa nguvu zaidi.

Ikumbukwe pia kwamba mgongano wa maslahi mara nyingi unaishi kijijini kwenyewe. Katika ujenzi wa fosi akaunti, muuza saruji na mabati ni mtu wa jirani. Fundi ni mtu wa jirani. Mwenye lori la mchanga ni mtu wa jirani. Mmoja wao akiketi kwenye kamati kwa sifa ya ukazi pekee, bila mtoto hata mmoja darasani, ana sababu nyingi za kupenda bei kubwa na sababu chache za kujali ukuta utadumu miaka mingapi. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inazitaka kampuni za uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na mamlaka husika ya serikali za mitaa. Katika wilaya yenye mgodi mkubwa, fedha za mipango hiyo zinaweza kugusa madarasa, madawati na nyumba za walimu. Msimamizi anayehitajika hapo ni yule ambaye mwanawe ataketi kwenye dawati hilo.

Hoja ya nne ni ya jasho. Wanakijiji, inasemwa, ndio waliofyatua matofali, wakachota maji na kusomba mawe. Asiyetoa nguvu kazi hana haki ya kuongoza. Heshima kwa jasho hilo ni ya lazima, na nafasi za wawakilishi wa jamii zipo kwa ajili hiyo. Hata hivyo, fedha za uendeshaji wa shule leo kwa sehemu kubwa hazitoki kwenye kaya za kijiji. Zinatoka Serikali Kuu, na zinahesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi. Mtoto wa mama ntilie wa Saza aliyeandikishwa Mkwajuni anaiongezea shule ya Mkwajuni ruzuku sawa na mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Kama mchango ndio unaotoa haki ya kusema, basi mchango mkubwa wa kudumu unaletwa na kuandikishwa kwa mtoto, na mwenye mtoto ndiye mwenye hoja.

Inafaa hapa kuitazama nchi ambayo sharti la ukazi lina mizizi mirefu. Nchini Marekani wajumbe wa bodi za elimu kwa kawaida hutakiwa kuishi ndani ya wilaya ya elimu wanayoisimamia, na sababu inaeleweka: wilaya hizo hupata sehemu kubwa ya fedha zake kwa kodi ya ardhi na majengo ya eneo hilo. Mkazi analipa, mkazi anachagua, mkazi anachaguliwa. Tanzania haina mfumo huo wa kodi kwa shule zake. Kulichukua sharti bila sababu yake ni kubeba mzigo wa mwingine. Na hata Marekani yenyewe, chombo kinapokuwa cha shule moja, sharti hulegezwa. Sheria ya mwaka 1988 iliyounda mabaraza ya shule jijini Chicago iliweka wazazi sita, wakazi wawili wa eneo la shule, walimu wawili na mkuu wa shule. Anayegombea nafasi ya mzazi anatakiwa awe na mtoto anayesoma pale. Anayegombea nafasi ya mkazi anatakiwa aishi katika eneo la shule. Sheria hiyo iliona kwamba hawa ni watu wa aina mbili wenye haki mbili tofauti, na ikampa kila mmoja mlango wake.

Nchi nyingine zimefika kwenye jibu linalofanana. Sheria ya Shule ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inataka wazazi wawe wengi kuliko wajumbe wengine wote wenye kura, na inamzuia mwajiriwa wa shule kuwakilisha wazazi katika shule hiyo hiyo. Katika shule za serikali za Uingereza mjumbe wa wazazi huchaguliwa na wazazi wenzake kwa kigezo cha kuwa na mwanafunzi aliyeandikishwa. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaweka kwenye bodi ya usimamizi watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi wa shule, au jamii ya eneo kwa shule za sekondari za kaunti, kando ya wawakilishi wa walimu, wadhamini, watu wenye mahitaji maalumu na wengine. Mazingira ya nchi hizi yanatofautiana sana, lakini zote zimekataa kumficha mzazi ndani ya neno mkazi.

Hoja ya tano inadai ulinganifu: ikiwa diwani na mwenyekiti wa kijiji lazima wawe wakazi, mjumbe wa kamati ya shule aachwe kwa nini? Ulinganifu huu ni wa juu juu. Diwani husimamia barabara, maji, masoko na ardhi ya watu wote wa kata, na wanaoguswa na maamuzi yake ni wakazi. Kamati ya shule husimamia taasisi moja, na wanaoguswa kwanza ni wanafunzi waliomo. Shule ya sekondari ya kata hupokea watoto wa vijiji kadhaa, na ikiwa na bweni inaweza kupokea watoto wa wilaya nyingine. Ukazi wa kijiji kipi utumike? Isitoshe, Katiba yenyewe haimtaki mbunge awe mkazi wa jimbo. Ibara ya 67 inataja uraia, umri, kujua kusoma na kuandika, na uanachama wa chama cha siasa. Nchi inayomwamini mbunge asiyeishi jimboni kutunga sheria za elimu kwa taifa zima inaweza kumwamini mama ntilie wa machimboni kuhesabu madaftari ya shule ya mwanawe.

Lipo pia jambo zito zaidi ambalo watetezi wa sharti hawalisemi. Katika maeneo ya machimbo na malisho, ukazi huteleza kwa urahisi na kuwa uenyeji. Mkutano unaanza kwa kuuliza mtu anakaa wapi na kuishia kuuliza babu yake alizikwa wapi. Mfugaji wa Kisukuma aliyefika miaka kumi iliyopita, mchimbaji kutoka Geita na mfanyabiashara Mnyamwanga kutoka Momba wanaweza wote kuwa na watoto darasani na bado wakaonekana wageni mbele ya Mbungu wa hapo hapo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila na mahali mtu alipotokea. Kigezo cha mtoto aliyeandikishwa hakijui kabila wala kaburi la babu. Kinamfungulia mwenyeji na mgeni mlango ule ule, na kwa kufanya hivyo kinaisaidia shule kuwa mahali ambapo watu wa asili mbalimbali wanazoea kuamua mambo pamoja.

Kuondoa sharti la ukazi kwenye nafasi za wazazi kunahitaji masharti mengine yatakayochukua nafasi yake, tena makali zaidi. Kwanza, nafasi za wazazi ziwe zaidi ya nusu ya nafasi zote zenye kura, na mwenye haki ya kuchagua na kuchaguliwa awe mzazi au mlezi ambaye jina lake limo kwenye fomu ya kuandikishwa kwa mwanafunzi. Mlezi atajwe wazi, kwa maana bibi na shangazi ndio wanaolea watoto wengi ambao wazazi wao wamefuata riziki mbali. Kila mtoto awe na kura moja, na wazazi na walezi wakubaliane nani ataitumia. Pili, nafasi chache zitengwe kwa wakazi wasio na watoto shuleni: mzee anayeheshimika, muuguzi wa zahanati, mwalimu mstaafu, na hapo ukazi uwe sharti kweli.

Tatu, ujumbe wa mzazi ukome mtoto anapohama au kumaliza, na nafasi ijazwe katika mkutano unaofuata, ili kamati isigeuke kuwa makao ya watu ambao wanao walimaliza zamani. Nne, mjumbe atangaze kwa maandishi maslahi yake katika ununuzi au ujenzi wowote wa shule na asishiriki uamuzi unaomhusu. Tano, tarehe za vikao vya mwaka mzima zibandikwe Januari na kutumwa kwa ujumbe wa simu, na mkutano wa uchaguzi ufanyike siku ambayo wazazi wa mbali wana sababu ya kufika, kwa mfano siku ya kutoa matokeo ya muhula. Hesabu za shule ziendelee kubandikwa hadharani kama MMEM ilivyotaka, maana mzazi wa mbali huhitaji karatasi ya kusoma kuliko yule anayepita hapo kila siku.

Mabadiliko haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji TAMISEMI na Wizara ya Elimu ziandike wazi katika miongozo ya kamati na bodi kwamba sifa ya kwanza ya mjumbe wa wazazi ni mwanafunzi aliyeandikishwa, na halmashauri kama ya Wilaya ya Songwe ziwaelekeze walimu wakuu na watendaji wa vijiji wasidai barua ya ukazi kwa nafasi hizo. Diwani wa kata yenye machimbo anaweza kuanza kwa kuuliza shuleni wazazi wangapi waliozuiwa kugombea, na kwa sababu gani.

Shule ya serikali inapewa walimu, fedha na vitabu kwa sababu ya watoto walioandikishwa ndani yake. Mwenye mtoto shuleni ana haki ya kuisimamia, popote alipojenga na popote alipopanga. Kila halmashauri inayoendelea kudai barua ya ukazi kutoka kwa mzazi huyo inamnyima mtoto msemaji wake, na inapaswa kuacha.